Nyumba na usafiri Lexington, Kentucky: mwongozo kamili kwa anayehamia

Lexington ni mji wa wastani, wakazi kama 320,000, na umechorwa kama gurudumu la baiskeli. Katikati kuna barabara za Main, Vine na High. Kutoka hapo barabara kuu zinachomoza kama spoku: Nicholasville Road na Tates Creek Road kuelekea kusini, Richmond Road na Winchester Road mashariki, North Broadway, Newtown Pike na Georgetown Road kaskazini, Leestown Road na Versailles Road magharibi. New Circle Road inauzunguka mji wote, na nje yake kusini na mashariki kuna tao jingine, Man o' War Boulevard. Ukipita hapo unaingia kwenye mashamba ya farasi. Mashamba hayo hayajengwi ovyo: tangu 1958 mji umejiwekea mpaka wa kukua, na uhaba wa ardhi ndani ya mpaka huo ni sababu mojawapo ya kodi kupanda.

Chora gurudumu hilo kwenye karatasi kabla hujatazama nyumba hata moja. Wageni wengi hukosea hapa: wanatafuta nyumba ya kodi nafuu, wanasaini, kisha ndipo wanauliza watafikaje kazini. Lexington haina treni ya abiria, wala hakuna daladala au matatu ya kukimbilia ukichelewa. Kodi na usafiri ni hesabu moja.

Piga hesabu kwanza

Tuchukue mfano wa familia yenye wafanyakazi wawili. Tarakimu ni za mfano tu, weka zako.

Nyumba ya kwanza iko mbali na basi, kodi dola 1,050. Lazima wawe na gari: mkopo wa gari 320, bima 180, mafuta 130, akiba ya matengenezo 60. Jumla ya mwezi ni dola 1,740, na hapo gari ni moja tu kwa watu wawili.

Nyumba ya pili iko kwenye spoku yenye basi, kodi dola 1,250. Nauli ya basi la Lextran imekaa dola 1 kwa safari kwa miaka mingi. Siku 22 za kazi, kwenda na kurudi, ni dola 44 kwa mtu, yaani 88 kwa wawili. Ongeza dola 80 za Uber au Lyft kwa siku za dharura. Jumla ni 1,418.

Nyumba iliyoonekana ghali kwa dola 200 imeokoa dola 322 kila mwezi. Kwa miezi sita ya mwanzo, mtu anapokuwa bado hana leseni wala historia ya mikopo (rekodi ya jinsi unavyolipa madeni Marekani), tofauti hiyo ni kubwa sana.

Linganisha shifti na ratiba ya basi

Andika saa kazi inapoanza na inapoisha. Basi za Lextran zinaanza alfajiri na kukoma karibu na saa sita usiku. Jumapili zinapungua na kuisha mapema zaidi. Kwa hiyo:

- Shifti ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni: basi linatosha.
- Shifti ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku: angalia basi la mwisho linalopita kituo cha kazini, maana ukichelewa dakika kumi umebaki barabarani.
- Shifti ya usiku, au inayoanza saa kumi na mbili asubuhi: usitegemee basi peke yake. Tafuta wenzako wa kuchangia gari kabla hujakubali kazi.
- Kazi Georgetown, kwenye kiwanda cha Toyota au viwanda vinavyokihudumia: Lextran haifiki huko. Ni kaunti nyingine. Hapo gari ni lazima, lako au la kuchangia.

Tahadhari moja inayowaumiza Waswahili: ratiba zinahesabu saa kuanzia usiku wa manane. "7:30 a.m." ni saa moja na nusu asubuhi, si saa saba na nusu. Andika saa za kazi na za mahakama kwa tarakimu kama zilivyo kwenye barua, kisha ziweke kwenye simu. Wapo waliopoteza miadi muhimu kwa sababu tu walitafsiri saa kichwani wakiwa na haraka.

Jinsi basi zinavyokwenda

Karibu basi zote huanzia na kuishia kituo kikuu kilicho kati ya Vine na High. Maana yake ni kwamba ukikaa Versailles Road na kazi yako iko Tates Creek Road, unaingia mjini kwanza, unabadilisha basi, ndipo unatoka tena. Safari ya dakika 15 kwa gari inaweza kumeza saa nzima. Ukikaa kwenye spoku ileile kazi iliko, au karibu na katikati ya mji, unakwenda kwa basi moja tu. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha nyumba, kabla ya zulia na rangi ya ukuta.

Panda kwa mlango wa mbele. Kama unalipa taslimu uwe na kiasi kamili. Sanduku la nauli halirudishi chenji. Mwambie dereva kabla ya kulipa kama utaunganisha basi jingine, au nunua pasi ya siku. Kushuka, vuta kamba au bonyeza kitufe mtaa mmoja kabla. Basi halisimami mahali pasipo na kituo hata ukigonga bodi. Mbele ya basi kuna chuma cha kubebea baiskeli, na kuitumia ni bure. Wanafunzi wa University of Kentucky hupanda kwa kitambulisho cha chuo. Mwenye ulemavu unaomzuia kutumia basi la kawaida anaweza kuomba huduma ya Wheels, ambayo humfuata nyumbani. Fomu yake ina sehemu ya mtaalamu wa afya, kwa hiyo ianze mapema.

Kwa wanaotoka Kongo na Burundi: Versailles hapa haitamkwi kwa Kifaransa. Sema "Ver-seilzi", la sivyo dereva hatajua unakwenda wapi.

Kabla ya kusaini mkataba, panda hilo basi wewe mwenyewe, siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa ukisafiri. Tembea kutoka kituoni hadi mlangoni. Barabara nyingi nje ya New Circle hazina njia ya miguu upande wote, na kutembea mita 800 kando ya magari ya kasi, kwenye giza la Januari, si jambo la kuchukulia wepesi ukiwa na mtoto mgongoni.

Kutafuta nyumba

Andaa hati hizi ziwe kwenye simu na kwenye bahasha: kitambulisho chenye picha, I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) au kibali cha kazi, kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) ikiwa imeshatoka, hati za malipo ya mwezi mmoja au barua ya mwajiri inayotaja saa na mshahara, na namba za simu za watu wa kukudhamini kwa maneno. Kampuni nyingi za kupangisha nyumba hutaka kipato cha familia kifike mara tatu ya kodi. Kwa kodi ya 1,200 wataomba kuona 3,600 kwa mwezi kabla ya makato.

Kila mtu mzima hulipa ada ya maombi, mara nyingi kati ya dola 30 na 75, na hairudishwi ukikataliwa. Hapa ndipo watu huchomwa: wanapeleka maombi sehemu tano kwa siku moja na kupoteza dola 300. Uliza maswali haya manne kwanza, kwa simu: Mnakubali mtu asiye na historia ya mikopo? Mnataka kipato mara ngapi ya kodi? Mnaruhusu watu wangapi kwa vyumba viwili? Kuna nyumba iliyo wazi sasa hivi, au ni orodha ya kusubiri? Jibu moja likiwa baya, usilipe.

Swali la idadi ya watu ni zito kwa familia zetu. Kampuni nyingi hutumia kanuni ya watu wawili kwa kila chumba cha kulala. Familia ya watu saba ikiomba vyumba viwili itakataliwa, na kuficha watoto ili upate nyumba ni kujitafutia kufukuzwa kwa kosa la kuvunja mkataba. Tafuta nyumba za vyumba vitatu au vinne za watu binafsi, nyingi zikiwa kaskazini ya mji kuzunguka North Limestone na North Broadway, au nyumba pacha zilizogawanywa kwa ukuta. Lakini mwenye nyumba kukukataa kwa sababu ya asili yako, dini, au kwa kuwa tu una watoto ni kinyume cha sheria. Malalamiko hupelekwa Lexington-Fayette Urban County Human Rights Commission.

Kwa mgeni wa kwanza, shirika la Kentucky Refugee Ministries lina ofisi Lexington na hutafutia nyumba wakimbizi wanaowapokea. Anayehama kutoka jimbo jingine kwa hiari yake asitegemee hilo. Atafute mwenyewe, na apige 211 kuuliza misaada ya eneo.

Matapeli wapo. Dalili ni zilezile: kodi ya chini mno, "mwenye nyumba" yuko safarini, funguo zitatumwa kwa posta, pesa zitumwe kwa Zelle (huduma ya kutuma pesa za benki kwa simu) au kadi za zawadi. Kinga ni rahisi na bure: ofisi ya Fayette County PVA, inayothamini mali, ina tovuti ambapo unaandika anwani na kuona jina la mmiliki. Kama jina halilingani na la anayekuomba pesa, na hana mkataba wa uwakala, ondoka. Usilipe chochote kabla ya kuingia ndani ya nyumba kwa miguu yako.

Mkataba na dhamana

Kaunti ya Fayette, yaani Lexington yenyewe, imeikubali sheria ya Kentucky ya wenye nyumba na wapangaji. Kaunti nyingi za jimbo hili hazikuikubali. Ukihamia kaunti ya jirani usidhani haki hizi zinakufuata.

Chini ya sheria hiyo, dhamana yako (security deposit, pesa unayoweka mwanzoni) lazima iwekwe kwenye akaunti tofauti ya benki, na mwenye nyumba akuambie iko benki gani. Kabla hujaingia, anatakiwa akupe orodha ya uharibifu uliopo tayari pamoja na makadirio ya gharama za kuurekebisha. Una haki ya kukagua orodha hiyo kabla ya kuitia sahihi, na kuandika pale usipokubali. Msiharakishe hapa. Piga picha na video ya kila chumba: chini ya sinki, ndani ya friji na jiko, madirisha yote yakifungwa na kufunguliwa, zulia kwenye pembe, mabano ya kitanda ukiyakuta, na kona za godoro, kwa kuwa kunguni huishi humo. Zitume kwa baruapepe kwa ofisi siku hiyohiyo ili tarehe ijulikane. Mwenye nyumba asipofuata utaratibu huu wa akaunti na orodha, anapoteza haki ya kuizuia dhamana.

Ukiondoka acha anwani mpya kwa maandishi. Mwenye nyumba akikuandikia kuhusu pesa zako na usijibu ndani ya siku 60, anaweza kubaki nazo. Dhamana nyingi hupotea kwa njia hii ya kijinga, barua ikienda kwenye nyumba ambayo mtu ameshahama.

Ndani ya mkataba tafuta mambo haya kwa macho yako, au msomewe na mtu anayejua Kiingereza vizuri: tarehe kodi inapohesabiwa imechelewa na faini yake, siku ngapi za notisi kabla ya kuhama, maana mikataba ya miezi 12 mingi hujirudia yenyewe usiponena, nani analipa umeme, gesi, maji na taka, na utaratibu wa maegesho. Watu wazima wawili wakisaini pamoja, kila mmoja anadaiwa kodi yote, si nusu. Mwenzako akitoroka, deni ni lako.

Lipa kodi kwa hundi, kwa tovuti ya kampuni, au kwa hawala ya posta ya Marekani inayoitwa money order. Kata kipande cha risiti ukitunze. Fedha taslimu bila risiti ni sawa na kutolipa.

Kodi ikichelewa, mwenye nyumba anatakiwa akupe notisi ya maandishi ya siku 7. Ukilipa yote ndani ya siku hizo, mkataba unaendelea. Usipolipa, anafungua kesi mahakamani. Hana ruhusa ya kubadilisha kitasa, kukata umeme au kutoa vitu vyako nje bila amri ya mahakama. Akifanya hivyo unaweza kumdai hadi kodi ya miezi mitatu. Ukiitwa mahakamani, nenda. Mkalimani hutolewa bure, omba wa Kiswahili mapema. Asiyefika hushindwa kwa dakika chache hata kama ana risiti mfukoni. Legal Aid of the Bluegrass huwasaidia bure wenye kipato kidogo, lakini wapigie siku unayopata notisi, si asubuhi ya kesi.

Mwenye nyumba pia hutakiwa kukupa taarifa ya siku mbili kabla ya kuingia, isipokuwa kwa dharura. Bomba likivuja au joto likikatika, omba matengenezo kwa maandishi. Akinyamaza, piga 311 uombe ukaguzi wa nyumba wa mji.

Huduma za nyumbani

Umeme hufunguliwa Kentucky Utilities, gesi Columbia Gas of Kentucky, maji Kentucky American Water. Bili ya majitaka na taka hutoka mji wenyewe, kwa jina LexServ. Nyumba nyingi za ghorofa hukusanya maji na taka ndani ya kodi, kwa hiyo uliza. Fungua umeme siku tatu nne kabla ya kuhamia. Mtu asiye na historia ya mikopo huombwa amana.

Uliza kama joto ni la umeme au la gesi, na uombe kuona bili ya Januari, si ya Mei. Ghorofa ya zamani yenye madirisha mepesi na joto la umeme inaweza kukutoza kwa mwezi mmoja wa baridi mara mbili ya ulichozoea. Usipashe nyumba kwa kuacha oveni wazi, na kamwe usilete jiko la mkaa ndani: hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Usiku wa baridi kali acha bomba lidondoke taratibu ili mabomba yasipasuke. Msaada wa LIHEAP wa bili za joto huombwa Community Action Council, kuanzia Novemba. Fedha zikiisha zimeisha, kwa hiyo nenda wiki za mwanzo.

Anayekaa nyumba isiyo ya ghorofa hupewa kontena la taka la kijani, ambalo mji mzima unaliita Herbie. Litoe barabarani jioni ya kuamkia siku ya taka.

Leseni, kisha gari

Leseni ya Tanzania, Kenya au Kongo haikuondolei mtihani. Miadi ya leseni huwekwa kwa intaneti. Beba hati ya uhamiaji, Social Security na hati mbili za makazi. Anwani iwe ileile kwenye zote. Hadhi yako ya uhamiaji huhakikiwa kwenye mfumo wa serikali kuu, na hapo baadhi husubiri siku kadhaa, kwa hiyo usiombe ruhusa ya kazini siku moja tu.

Mtihani wa maandishi una maswali 40 na unahitaji asilimia 80, yaani majibu 32 sahihi. Ukipita unapata leseni ya kujifunzia. Mwenye miaka 21 au zaidi hukaa nayo siku 30 ndipo afanye mtihani wa barabarani. Chini ya hapo ni miezi sita. Siku ya mtihani unakuja na gari lenye bima na usajili hai, likiwa na taa zote zinazowaka. Wanaoendesha vizuri tangu nyumbani huanguka kwa mambo mawili: kutosimama kabisa kwenye alama ya STOP, na kutogeuza shingo kuangalia bega kabla ya kubadili njia. Kumbuka pia kwamba hapa magari hupita upande wa kulia wa barabara.

Kununua gari la mkononi, fuata mpangilio huu. Kwanza pata bei ya bima kwa namba ya gari lenyewe, kwa sababu bima ya dereva mpya inaweza kuzidi mkopo. Pili, mlipe fundi asiyemjua muuzaji alikague kabla ya kutoa pesa. Tatu, tazama kadi ya gari (Wakenya husema logibuku): jina liwe la anayeuza, kusiwe na deni la benki, na kusiwe na muhuri unaoonyesha kuwa gari liliwahi kufutwa na bima kwa ajali. Nne, muuzaji asaini mbele ya afisa au notari. Tano, peleka kwa ofisi ya karani wa kaunti ukiwa na bima ya Kentucky, na uwe na kodi ya serikali ya asilimia 6 ya bei pamoja na ada. Watu hununua gari la dola 5,000 wakiwa na 5,000 kamili, kisha hukwama kwa 300 ya kodi na gari halina namba. Epuka, kama unaweza, maduka ya "nunua hapa, lipa hapa": bei ni ya juu, riba ni ya juu, na gari huchukuliwa ukichelewa.

Bima ya chini kisheria ni dola 25,000 kwa mtu aliyeumia, 50,000 kwa ajali nzima, 25,000 kwa mali, pamoja na 10,000 za matibabu yako mwenyewe. Kampuni za bima huripoti kwa jimbo. Ukiacha kulipa, usajili wako husimamishwa. Kukamatwa bila bima mara ya kwanza ni faini ya dola 500 hadi 1,000, au jela hadi siku 90, au vyote viwili.

Mtoto mwenye urefu wa inchi 40 (sentimita 102) au chini yake lazima akae kwenye kiti chake cha gari. Aliye chini ya miaka 8 na urefu kati ya inchi 40 na 57 hukaa kwenye kiti cha kumwinua. Kumpakata mapajani hakukubaliki hata kwa safari ya dukani, na hata kwenye gari la rafiki au la Uber. Kiti unaleta wewe.

Kwenye nyumba za ghorofa, bandika kibali cha maegesho siku ileile. Kampuni za kuvuta magari huzunguka usiku, na kulikomboa gari ni mamia ya dola. Mwambie na mgeni wako.

Mwisho ni kodi ya mwaka ya gari, inayolipwa kwa karani wa kaunti mwezi wa kuhuisha usajili. Anayedaiwa ni yule gari lilikuwa kwa jina lake tarehe 1 Januari. Ukiuza gari Desemba, nenda na mnunuzi hadi ofisini muhakikishe jina limebadilishwa kabla ya mwaka kuisha. Ukimwachia kadi iliyosainiwa na kwenda zako, bili itakuja kwako, na hata faini na ajali zake zitaanza kukutafuta wewe.